Msomaji Mmoja wa Fundi Boila

Kwa miaka kumi na minne fundi boila alimuaga dada yake alfajiri kwa maneno yaleyale. Dada akiwa amepiga magoti kwenye sala, yeye mlangoni na viatu mkononi: "Niombee na mimi." Dada alimjibu bila kufumbua macho, "Jiombee mwenyewe, una mdomo." Wakacheka, akaenda kazini.

Kazi yake ilikuwa kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali na hoteli. Chumba chake kilikuwa nyuma kabisa: boila lililolala ubavu kama ng'ombe mgonjwa, stuli moja, na geji ya kupimia presha, yenye mshale mwekundu. Mvuke ulipita bombani hadi upande wa pili wa ukuta, walikokuwa kina mama tisa wa pasi. Wao walimwita Bwana Mvuke. Walimkumbuka pasi zikipoa tu.

Mungu alikuwa amempa na kipaji kingine. Aliandika hadithi. Aliandika kwa kidole gumba mapumziko ya mchana, kwenye simu iliyopasuka kioo, akaziweka kwenye kundi la waandishi mtandaoni. Walikuwa watu mia nne na ushee, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumtia machoni. Desturi ya kundi ilikuwa nisome nikusome. Lakini wengi hawakusoma. Waliweka vile vipicha vya moto na makofi, wakapita zao. "Umetisha kaka!" "Kalamu ya dhahabu hiyo!" Kiongozi wa kundi, aliyejiita Malkia wa Wino, alimwita "pacha wangu". Kwa mtu anayekumbukwa pasi zikipoa, neno hilo lilikuwa asali.

Mmoja tu alimkera. Alijiita Miwani, karani mstaafu, na hakuwa na kicheko wala kipicha.

"Mama mkwe kafa sura ya kwanza," aliandika mbele za watu. "Sura ya nne anakaanga samaki. Kafufuka lini?"

Kundi zima lilicheka. Bwana Mvuke hakucheka.

Mwaka huo vali ya usalama ilianza kuvuja. Vali hiyo ndiyo hufunguka yenyewe presha ikizidi, boila lipumue. Meneja alisimama mlangoni, hakuingia.

"Kaza skrubu hiyo. Mashuka hayakauki kwa dua."

"Mkuu, nikikaza haitafunguka."

"Wenye cheti kama chako wamejaa getini, mzee. Kaza."

Akakaza. Tangu siku hiyo mshale ukaanza kupanda, kidogo kidogo, kama homa ya mtoto. Alilalamika mara moja zaidi, akajibiwa kwa kuonyeshwa geti, akanyamaza. Hakumwambia hata dada yake. Yaliyomshinda kuyasema aliyaandika: hadithi ya fundi mmoja na boila lililozibwa pumzi.

Kundi likawaka. "Pandisha presha!" "Usilipue bado, tuue taratibu!" Malkia akamwandikia faragha: "Pacha, shindano ni mwezi ujao, sura kumi. Mlipuko uuweke ya kumi."

Kuanzia hapo akawa anautazama mshale kwa macho mawili yasiyopatana. Jicho la fundi liliogopa. Jicho la mwandishi, Mungu amsamehe, lilikuwa linangoja.

Baada ya sura ya tisa Miwani alimwandikia peke yake.

"Mwanangu, hilo boila liko wapi?"

"Kwenye hadithi, mzee. Soma, usinipekue."

"Nimesoma mara tatu. Wewe husahau majina, husahau hata nani kafa. Lakini namba za geji hujakosea hata moja. Sura ya tatu saba, ya tano nane, ya saba nane na robo, ya tisa tisa kamili. Mtu anayebuni hakumbuki robo. Hilo boila liko wapi?"

Akampelekea Malkia maneno yale, naye hakukawia: "Wivu tu huo, pacha. Mfungie." Akamfungia.

Jioni hiyo alishika kijiko, chakula kikapoa.

"Una nini, mdogo wangu?"

"Sura ya kumi imegoma."

"Mwachie Mungu," dada akasema, akatoa vyombo. Alidhani wanazungumzia hadithi. Neno hilo dada analijutia hadi leo.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, mshale ulikuwa tisa na nusu. Alipanda ngazi kulegeza skrubu. Ilikuwa imeshikana na kutu, spana ikateleza, ikamchubua. Alimpigia meneja. "Niko kwenye kikao," simu ikakatwa. Alijua la kufanya. Hakuna fundi asiyelijua. Alichotaka ni mtu mmoja tu amwambie kwamba anaweza kulifanya bila kuambiwa na mkubwa. Akaandika kundini:

"Jamani, hii si hadithi. Geji iko tisa na nusu, vali imekwama, nimo ndani. Nifanyeje?"

Dakika haikuisha. Moto, makofi, moto. "Mwanzo wa kutisha!" "Mwili umenisisimka!" Na Malkia: "Pacha!! Ndiyo sura ya kumi yenyewe. Endelea hapohapo."

Boila lilitoa mlio kama mtu anayesaga meno. Akamfungulia Miwani.

"Mzee, ni kweli."

Jibu lilifika kabla hajashusha mkono. "Fundi wa hadithi yako kila sura anangoja ruhusa. Ruhusa nakupa mimi. Zima moto, toa watu, toka."

Akafunga mafuta ya boila. Akakimbilia upande wa pasi akigonga mabomba kwa spana.

"Tokeni! Acheni mashuka!"

"Bwana Mvuke, leo umeamkia chupa?" mmoja akamtania.

"Tokeni, dada zangu, nawaomba!"

Ule uso wake uliwanyanyua kuliko maneno. Uwanjani akawahesabu: wanane. Wa tisa alikuwa kwenye stoo ya nyuma, amefuata foronya. Akamtupia simu mkubwa wao, "Mjibu huyo mzee," akarudi ndani.

Wa tisa ndiye aliyesimulia baadaye. Fundi alimsukuma kwenye mlango wa nyuma, akamwambia, "Kimbia, usigeuke." Hakugeuka. Boila likalipuka, na ukuta ndio uliomfuata.

Yule mama aliyeshika simu hakuweza kuandika neno. Vumbi likiwa bado linashuka, maneno ya Miwani yalikuwa yanaingia kiganjani mwake: "Umetoka?" Kisha: "Mwanangu, nijibu. Umetoka?" Na juu yake, kutoka kundini, moto na makofi viliendelea kumiminika.

Siku ya tatu, waliporudi kuzika, dada aliketi kwenye kitanda cha mdogo wake, akawasha simu. Habari za mlipuko zilikuwa zimefika kundini, nalo limejaa vipicha vya mikono inayoomba, zaidi ya mia mbili. Malkia alikuwa ameandika faragha, kuwapa pole wafiwa, kisha akauliza kama sura ya kumi imo humo kwenye simu, waichapishe kwa heshima yake. Dada hakujibu.

Kutoka kwa Miwani kulikuwa na jumbe kumi na moja, zote swali lilelile. Dada alisali kwanza. Kisha akaandika:

"Mzee, mimi ni dada yake. Yeye hakutoka. Kina mama tisa wametoka wote."