Diski isiyofungwa skrubu

Leo nimemwambia binti wa watu kwamba memwari yake, ile tasnifu ya kumaliza chuo, imekufa.

Haikufa. Subirini.

Dada Zaina, mwenye duka la kuchapa pale mtaani Nyakabiga, aliniita asubuhi: kompyuta inawaka, ila partisheni, ile sehemu ya diski yenye kazi za wateja, haifunguki. Nikaandika mount, amri ya kuifungua. Linux ikajibu hakuna diski ya jina hilo.

Hakuna vipi, na mimi naisikia inazunguka?

Saa mbili nzima nimehangaika. Mwishowe nikamgeukia yule binti, mteja anayeitetea memwari mbele ya walimu kesho, nikampa pole kama ya msibani. Akakaa chini.

Dada Zaina akaniwekea chai. "Lakini jana ilikuwa muzima. Mi mwenyewe nimeibeba ku nyumba."

Kuibeba?

Kumbe kila jioni, kabla ya couvre-feu, marufuku ya kutembea usiku, kutufungia ndani, anaichomoa diski, anaifunga kwenye kitenge, anaondoka nayo. Duka likivunjwa, kazi za watu zipone. Leo ameirudisha kwenye waya mwingine. Basi Linux, iliyozoea kuiita hdb, sasa inaiita hdc.

Nikabadilisha herufi moja katika fstab, faili lenye majina ya diski.

Memwari hiyoo, kurasa zote!

(Binti hajanisemesha hadi sasa. Ana haki.)

Nikashauri tuifunge kwa skrubu, isihamehame tena. Dada Zaina akanitazama.

"Na siku ya kukimbia, utaifungua na meno?"

Skrubu nimezirudisha mfukoni.

Nyinyi wenzangu, jioni mnatoka mmebeba nini?