Maneno ya Kuuma, Kutoka Kindu Hadi Area 25

Siku yangu ya kwanza kazini, katika madrasa moja ya Kindu, sikupewa chaki. Nilipewa hindi la kuchoma na kipande cha papai. Aliyenipa alikuwa Mudiri, yaani mkuu wa madrasa, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Nilikuwa na miaka ishirini, nimehitimu kwa sifa, na nilidhani nimekuja kufundisha.

"Kula," akaniambia.

Nikang'ata hindi.

"Umefanya nini?"

"Nimeng'ata, Mudiri."

"Kwa Kiarabu."

"Adhdha."

Akatikisa kichwa. "Batoto bakikuuliza, utabajibu vile? Ile ya hindi njo *kadhama*, kukata kitu kikavu na meno ya mbele. Sasa kula papai." Nikala. "Ile njo *khadhama*, kitu laini, mdomo mzima. Herufi moja tu imebadilika. Sikiliza: ya kwanza inalia kavu. Ya pili iko na maji ndani."

Nyinyi mnaosoma leo kwa simu huenda hamjui kazi yetu ilivyofanywa. Neno la Kiarabu lina mzizi, kwa kawaida herufi tatu, na maana zake zote huota kutoka hapo. Hata kamusi zetu zilipangwa kwa mizizi. Ukitaka neno, kwanza ulivue viambishi vyote, ubaki na zile herufi tatu, ndipo ufungue ukurasa. Mwanafunzi asiyejua kuvua neno angeweza kushinda na kamusi mapajani asilipate.

Mudiri alinipa mwezi mzima wa kuuma. Nilijifunza *nahasha*, kunyofoa nyama kama afanyavyo mbwa; *lasaa*, kuchoma kwa mkia, kama nyigu na nge; *ladagha*, ambalo ni la nyoka; na *adhdha*, la kila chenye meno na taya. Mudiri aliamini kwamba kila neno lina nyumba yake na halilali kwa jirani. Nami nikaamini. Kwa miaka kumi na moja nilifundisha hivyo, na watu wa Kindu walinijua kama mwalimu asiyekosea kitenzi.

Mzizi nilioupenda kuliko yote ni *azama*, kung'ata kwa meno yote na kutoachia. Humo ndimo Waarabu walimopata *azma*, shida kubwa inayowapata watu wote. Si azma yetu ya Kiswahili, ile ya nia. Hiyo ina mzizi wake mwingine. Nilieleza jambo hili ubaoni mara nyingi sana kabla vita havijafika kwetu. Vilipofika, mimi na mke wangu Mwajuma tulitoka na watoto wawili, kamusi moja na sufuria. Sitasimulia njia. Tulipita nchi mbili, na ya tatu ilikuwa Malawi.

Huko Dzaleka, kambi ya wakimbizi, nilianza kazi wiki ya tatu. Mkuu wa Madrasa pale alikuwa shehe kutoka Kasongo, mchuuzi wa vitenge, mtu wa maneno machache. Alinionyesha turubai lililofungwa kwenye miti minne, akasema, "Lekole njo hii," yaani shule ndiyo hii. Tulifyatua matofali wenyewe, na msimu wa mvua uliofuata tulikuwa na kuta. Nilifundisha watoto wa Maniema, jimbo letu, wa Bukavu waliokuja kwa udadisi tu ingawa wazazi wao walikuwa wa kanisani, na Warundi waliotamka kila kitu kwa lafudhi ya kwao. Nilikaa hapo miaka saba.

Kisha wakaanza kuja watu wa Sudan, na ofisi ya huduma za wakimbizi mjini Lilongwe ikatafuta mkalimani wa Kiarabu. Msimamizi wangu huko alikuwa Bi Mratibu, mama wa Kimalawi aliyenyooka kama rula. Siku ya kuniajiri aliniuliza swali moja: "Mgonjwa akisema jambo usilolielewa, utafanya nini?"

"Nitalitafuta kwenye kamusi, Bi Mratibu."

"Utamuuliza yeye," akasema. "Kamusi haiumwi."

Nilicheka kwa adabu. Sikulichukua lile kuwa agizo.

Mwaka wangu wa pili mjini niliitwa kwenye zahanati moja ndogo ya mtaa wa Area 25, mchana, jua kali. Nilimkuta Mama Salwa, mwanamke wa Darfur niliyemjua kwa jina tu, na binti yake Salwa wa miaka saba amelala kwenye kitanda cha kupimia. Binti alikuwa ametoka kuokota kuni kwenye shamba la mahindi lililovunwa, nyuma ya nyumba za mwisho. Jirani alikuwa amemchanja mguu kwa wembe na kumpaka majivu, hata alama ya meno haikuonekana tena. Mtoto alikuwa amelegea, hasemi.

Mama yake akaniambia kwa haraka: "Adhdhaha dabib."

Nikalivua neno kama nilivyofundishwa. *Adhdha*: amemng'ata. *Dabib*: mzizi wa kutambaa na kutembea juu ya ardhi, ambamo pia mna *dabba*, mnyama wa miguu minne. Lilinichukua muda wa kupepesa jicho.

"Ameumwa na mnyama," nikamwambia tabibu wa zamu.

"Mnyama gani? Nyoka?"

"Si nyoka. Kwa nyoka wangesema *ladagha*. Huyu mama amesema *adhdha*, ni kitu chenye taya. Labda mbwa. Labda mbweha."

Tabibu alikuwa ameuliza swali zuri, na mtu wa kulijibu alisimama hatua moja kutoka kwangu. Sikumgeukia. Nilijibu mimi.

Basi wakaosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, wakamchoma sindano ya kichaa cha mbwa, wakawaambia wapumzike kwenye benchi la ukumbini. Mimi nikaenda kusimama mlangoni, nimeridhika. Muuguzi mmoja mtu mzima alipita, akauangalia mguu wa Salwa, akasema kwa Kichewa kwamba unavimba kupita kiasi. Kisha akaitwa chumba kingine.

Penye benchi palikuwa na mama mfagiaji. Hakuwa na neno hata moja la Kiarabu, na Mama Salwa hakuwa na neno la Kichewa zaidi ya *zikomo*, asante. Mfagiaji akaonyesha mguu, akakunja uso kuuliza. Mama Salwa akalaza mkono wake juu ya benchi, akausogeza polepole, kiwiko kikienda huku na kiganja huku.

"Njoka!" mfagiaji akapiga kelele, akaangusha fagio.

Njoka ni nyoka. Neno hilo halihitaji kamusi kwa mtu wa Kindu.

Nakiri kwamba nilisubiri. Si sana, labda muda wa kusoma Alhamdu mara moja. Nilifikiri: huyu mfagiaji atakwenda mwenyewe kumwambia tabibu, na mimi nitasema sikusikia vizuri. Kisha nikamwona Salwa akitapika kwenye kanga ya mama yake, nikaenda nikapiga magoti mbele yao.

"Mama Salwa, hiyo dabib ina miguu mingapi?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa na kichaa. "Miguu? Dabib ana miguu wapi? Ustadhi, wewe ulimwambia nini daktari?"

Niliinuka mbio. Niliingia bila kubisha. Tabibu alikuwa na mgonjwa mwingine.

"Ni nyoka," nikasema. "Nilikosea. Kwao dabib ni nyoka, na wanasema *adhdha* kwa nyoka pia."

"Nilikuuliza!" akasema, tayari amesimama. "Nilikuuliza kwa jina!"

"Uliniuliza. Sikumuuliza yeye."

Dawa ya sumu ya nyoka haikuwapo pale. Walimpeleka Salwa hospitali kubwa kwa gari la tabibu mwenyewe, mimi nikiwa nyuma nimeushika mguu kwenye ubao usicheze. Njiani mama yake alimpangusa mtoto uso kwa ncha ya kanga. Nilitamani anitukane.

Salwa aliishi. Alikatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto, na alikaa wodini wiki tano. Tabibu aliniambia baadaye, bila hasira, kwamba hawezi kujua kama ile saa moja niliyoipoteza ndiyo iliyogharimu vidole. Mimi pia sijui, na nimezoea kutojua.

Nilimwandikia Bi Mratibu barua ya kuacha kazi. Aliisoma mbele yangu, akaikunja, akanirudishia.

"Ukiondoka, atakayekuja atakosea hivihivi upya," akasema. "Andika ulivyokosea, hatua kwa hatua, na jina lako chini. Kila mkalimani mpya atausoma ukurasa huo siku ya kwanza. Halafu rudi wodini. Yule mama anahitaji mtu wa kumwambia daktari anavyosema."

Nilirudi. Siku tatu Mama Salwa alizungumza na daktari kupitia kwangu bila kunitazama usoni. Siku ya nne akasema, "Kaa. Unajua Kiarabu cha nani wewe?"

"Cha vitabu."

"Sisi hatuko humo," akasema.

Akaanza kunifundisha. Hakuwahi kukaa darasani maisha yake, lakini alimshinda Mudiri kwa ukali. Alinitajia majina ya wadudu, ya maumivu, ya homa za aina aina. Nikikosea alinirudisha mwanzo. Nilijaza kaye mbili, yaani madaftari, kabla Salwa hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Siwezi kusema alinisamehe. Hakulitaja neno hilo, na mimi sikuliomba.

Nilifanya kazi ile miaka tisa zaidi, kwenye zahanati, polisi na shule, kutoka Area 36 hadi Likuni. Kasi yangu ilipungua. Vijana wa ofisini walinicheka kwamba nauliza sana, na pengine walikuwa na haki. Kuna madaktari waliochoka nami kabisa. Yale ya Mudiri sikuyatupa. Mizizi ni ya kweli, na bado huniburudisha jioni. Ila mzizi hukuambia neno limetoka wapi. Mtu aliye mbele yako ndiye anayejua limefika wapi.

Siku ya kuniaga, Bi Mratibu alikuwa ameshastaafu. Aliyechukua nafasi yake, bwana mpole, alitoa hotuba, kisha akaniita pembeni. Alisema kwa heshima yangu ataupiga chapa upya ule ukurasa bila jina. Nikamwomba aliache jina palepale. Ukurasa usio na jina mtu huusoma kama kanuni, akaupita. Penye jina, anajua jambo hili lilimpata mtu.

Sasa nakaa Dzaleka na Mwajuma. Salwa ni msichana mkubwa, yuko sekondari, anatembea akiegemea kidogo kulia. Likizo huja kunisalimu. Mimi humjibu kwa Kiarabu changu, naye hucheka mpaka anashika ubavu.

"Mzee, unaongea kama redio," husema. "Sema tena, polepole."

Nasema tena. Ananisahihisha.