Spika za Bulembia, Santuri za Bwera

Kwanza nilisikia mlio mwembamba, kama wa mbu aliyenaswa ndani ya chandarua, na ndani ya mlio ule mtu alikuwa anaimba. Hapakuwa na picha. Ilikuwa sauti tu, imetumwa kwenye simu yangu na Muhindo, fundi redio wa Kasese, ambaye nilikuwa nimemsumbua kwa muda mrefu nikimwuliza kama upande wake kuna mtu anayeuza mashine ya zamani ya santuri. Niliirudia nikiwa nimelala chali kwenye mkeka wa chumba chetu cha kusomea, hadi nikalitambua gitaa la Kikongo likipita chini ya uimbaji kama maji chini ya majani. Mwishoni Muhindo alisema kwamba mashine iko Bwera, mpakani, na kwamba mama mwenye nayo anasema imechoka, anataka kuiachia.

Ninyi wenzangu wa Bukoba mnajua kwa nini niliondoka. Mashine yetu ya santuri iliungua wakati wa mvua kubwa, spika zikabaki nzima, na tangu hapo jioni zetu za hadithi, bila muziki, zimekuwa zikiisha mapema, kila mtu akitafuta viatu vyake kimyakimya. Mlinituma nikalete nyingine. Nimerudi bila kitu, na haya ndiyo maelezo yangu.

Alfajiri tuliondoka Bukoba, na mpaka wa Mutukula tukaupita tukiwa bado na usingizi machoni. Masaka nilibadilisha basi. Mbarara nilibadilisha tena, na kutoka hapo nikaacha kutazama nje. Kiti changu kilikuwa juu ya gurudumu, na kila shimo la barabara lilinipanda mgongoni likaishia kwenye meno. Nilizinduka basi lilipoanza kuteremka bondeni, joto likatupokea kama pumzi ya mtu aliyeinama karibu mno. Mbele kulikuwa na nyasi, maji ya ziwa yakimetameta, na mahali ambapo milima ingepaswa kuwepo palikuwa na mawingu tu, yamerundikana kama nguo zisizofuliwa.

Kasese niliingia jua likizama. Muhindo alinipokea kwenye kibanda chake karibu na stesheni ya zamani ya reli, mtu mnene, mcheshi, mwenye vidole vilivyochomwachomwa na risasi ya kuunganishia waya. Tulikula kwanza. Kisha akanieleza habari za mashine ile, akicheka mwenyewe kila alipofika sehemu ya kusikitisha.

Ilikuwa ya mzee mmoja aliyefanya kazi kwenye migodi ya shaba, huko Bulembia. Aliinunua kwa mhandisi mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Mzee alipofariki, wakubwa wa ukoo walikaa kugawa vitu vyake kwa watoto, na walipofika kwenye muziki waliona mashine moja na maboksi mawili mazuri ya mbao. Hakuna aliyetaka kusemwa kwamba amempendelea mvulana au amemdhulumu msichana. Kwa hiyo binti, Kabugho, akapewa mashine pamoja na santuri zote. Kijana, Thembo, akapewa maboksi. Waliona wamegawa sawa kwa sawa, wakapiga makofi, wakaenda kula. Kabugho akabeba chake akaenda nacho Bwera alikoolewa, Thembo akabaki na chake Bulembia, na tangu siku hiyo kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake aje aombe.

"Mashine bila spika, spika bila mashine," Muhindo alisema, akijifuta machozi ya kicheko. "Sisi Wakonzo tukinuna, hata mlima unasogea kutupisha."

Mimi moyoni nilifurahi. Spika tulikuwa nazo Bukoba. Nilichohitaji ni ile mashine peke yake.

Kabla sijalala Muhindo alinipa kifaa chake cha kazi: balbu kubwa ya kawaida iliyofungwa kwenye waya wa umeme. Alinionya kwamba amplifaya, ile sehemu ya mashine inayokuza sauti, ikilala miaka mingi haiamshwi kwa kushtuliwa. Umeme upite kwanza kwenye balbu. Ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, mashine ni nzima. Ikiwaka ikabaki inawaka, chomoa haraka.

Asubuhi nilifika Bwera kwa teksi iliyojaa mafuta ya kupikia na watu waliokaa juu yake. Mji ule hauna mahali pa kupumzisha jicho. Pikipiki zinakuja kutoka kila upande, malori ya Kongo yamesimama kwenye foleni, wabadilisha pesa wamekaa chini ya miavuli. Nyumba ya Mama Kabugho ilikuwa nyuma kidogo ya barabara kuu, na niligonga mlango muda mrefu hadi jirani akanionyesha kwa mkono kwamba niingie tu.

Alikuwa mama wa makamo, amefunga kitenge cha njano, muuzaji wa vitenge sokoni. Nilimwamkia, nikamwambia nimetoka Bukoba. Akanijibu kwamba ndiyo, mvua imenyesha. Kisha akaondoa kitambaa cha kufuma kilichofunika mashine, taratibu, kama anayemfunua mtoto aliyelala.

Hapo ndipo nilipoielewa ile sauti ya mbu. Mama Kabugho hakuwahi kuiwasha amplifaya, maana haikuwa na spika za kuisemea. Aliwasha mota peke yake. Santuri ikaanza kuzunguka, akaiteremsha sindano, akainama mpaka sikio lake la kulia likakaribia kuigusa. Sindano ikipita kwenye mfereji wa santuri huimba yenyewe, kidogo sana. Huo ndio muziki aliokuwa akiusikiliza miaka yote, kila Jumapili baada ya kanisa, ameinama hivyo hivyo.

"Zamani ilikuwaka inaimba," alisema akijinyoosha, mkono kiunoni. "Sasa imechoka. Hata mutu wa gitaa simusikie tena. Beba tu, mutoto yangu. Kitu ya kufa haifai kukaa ndani ya nyumba."

Niliinama nami. Nilisikia gitaa. Nilisikia sauti ya pili ikijibu ya kwanza, na mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kiitikio. Nikabadilisha santuri, ikawa vilevile. Sindano ilikuwa nzima. Nilipoinua kichwa kumwambia, nikamkuta ananitazama midomo kwa makini, kama mtu anayesoma kibao cha mbali, na nikakumbuka jibu lake kuhusu mvua.

Nilikaa kwenye kiti chake, gunia langu tupu magotini. Mashine ilikuwa yangu tayari. Ilitosha niitikie kwa kichwa, nifunge kamba, nirudi nyumbani. Ila nilimwona akikilaza kile kitambaa kwenye mapaja yake, akikikunja, akikikunjua, na mwili wangu wote uliochoka ukanikatalia. Nilimwambia kwa sauti kubwa kwamba kuna kitu nimekisahau Kasese, nitarudi. Akanitazama kwa jicho la kujua mengi.

"Ukipita Bulembia," alisema, "ule mutu usimusalimie."

Mchana nilikuwa tena kwenye barabara ileile, nyasi zilezile. Mtu akirudia njia siku hiyohiyo haoni tena nchi, anaona ncha za viatu vyake. Kutoka Kasese nilipanda pikipiki hadi Bulembia, juu kwenye bonde la milimani, ambako mto umetapika mawe makubwa kuliko nyumba. Kila niliyemwuliza alinielekeza kwa "Afande." Thembo alikuwa mwanajeshi mstaafu, na kule hata walevi humpa njia.

Nilimkuta sebuleni amekaa wima. Boksi moja la mbao lilikuwa limebeba televisheni. La pili lilikuwa limeunganishwa na redio yake ndogo, na juu yake kuna chupa ya chai.

"Wewe ni nani? Nani alituma wewe?"

Nikajieleza. Nilipotaja Bwera, uso wake ulikunjamana.

"Yeye iko na mdomo," alisema. "Ikuje iombe. Mimi siwezi peleka kitu kwa mtu hajaomba."

"Afande, dada yako hasikii."

"Hasikii nini?"

"Hasikii sindano. Anaisikiliza bila spika, kwa sikio tu, na siku hizi sikio limemwacha. Yeye anadhani ni mashine ndiyo imekufa. Anataka niende nayo Tanzania."

Aliishusha chupa ya chai kutoka juu ya boksi. Nje mbuzi alilia. Kisha Afande akaniuliza ni sikio gani, na hakungoja jibu.

"Ya kushoto iliuma tangu mtoto," alisema. "Papa alikuwa anaweka yeye upande wa kulia. Kila siku. Mimi nikitaka kukaa pale, ninachapwa." Akasimama, akaikumbatia televisheni, akaiweka sakafuni. "Shika huko. Usivute waya."

Siku iliyofuata tulipata pikapu iliyokuwa inatoka Kasenyi kwenye ziwa, imepakia samaki wa soko la mpakani. Tuliyafunga maboksi kwa mablanketi, tukayasimamisha katikati ya vikapu. Dereva alimheshimu Afande akampa kiti cha mbele. Afande akakataa, akapanda nyuma, akakaa kati ya maboksi yake, mkono mmoja juu ya kila boksi, mpaka Bwera. Mimi niliketi mbele kwa aibu. Ilikuwa mara ya tatu kwenye barabara ile na sikuwa tena na kiungo kisichouma.

Mama Kabugho alisimama mlangoni. Alimtazama ndugu yake kuanzia viatu hadi kofia, akavuta hewa kwa pua.

"Afande siku hizi iko nauza samaki?"

"Nimeleta maboksi," Thembo alisema. "Naweka wapi?"

"Mahali unajua."

Hawakusalimiana zaidi ya hapo. Thembo aliyapanga maboksi ukutani kushoto na kulia, akapima nafasi kwa hatua kama anayepanga walinzi, kisha akaburuta kiti cha dada yake hadi upande wa kulia. Mimi nilifunga nyaya na kuchomeka balbu ya Muhindo. Iliwaka kwa nguvu. Sote watatu tuliitazama. Ikafifia polepole, na ndani ya amplifaya taa ndogo za kioo zikaanza kuwa na rangi ya makaa. Niliteremsha sindano.

Sauti ilitoka, lakini ilitoka tupu. Ilielea chumbani bila miguu, nyembamba, haina besi, haijulikani inatoka wapi. Mama Kabugho aliweka kiganja nyuma ya sikio. Akasogea mbele. Akarudi nyuma.

"Na hizi pia zimekufa," alisema kwa upole, na nadhani upole ule ulimwumiza Thembo kuliko tusi. Alivua kofia. Alikuwa mzee ghafla.

Mimi nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya maboksi, ndipo nikakumbuka redio ndogo. Thembo alipolitumia boksi moja kwa redio yake alikuwa amelifungua, na kuzirudisha nyaya za ndani kinyume. Kwa hiyo boksi moja lilikuwa linasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, na sauti zote nzito zilikuwa zinafia katikati. Nilizima. Nikabadilisha waya mweusi na mwekundu kwenye boksi lile moja. Nikawasha tena.

Besi iliingia kwa njia ya sakafu. Kijiko kilitetemeka ndani ya kikombe. Mwimbaji akaja akasimama katikati ya chumba, mahali pasipo na boksi, kana kwamba amengojewa pale miaka yote. Mama Kabugho aliinua kichwa. Midomo yake ikaanza kufuata maneno, nusu hatua mbele ya mwimbaji.

"Unasikia?" Thembo aliuliza.

"Wewe usipige kelele."

Tulikaa hivyo hadi upande ule ukaisha. Thembo akainuka kuinyanyua sindano, na dada yake, bila kumtazama, akasema neno moja tu: "Geuza."

Mtaniuliza nimejifunza nini. Kidogo tu: niliambiwa kitu kimechoka, nami nusura nikibebe bila kuuliza ni nani aliyechoka. Kuhusu jioni zetu, tutasoma kwa midomo yetu tu, bila muziki, kwa muda bado.

Mama Kabugho alinifungia bundu, ule ugali wa muhogo, na sombe ya majani yake kwenye jani la mgomba, akaniwekea mikononi. Alisema nimsamehe, mashine haiendi popote. Nikamwambia najua. Akaniambia gari ya Kasese iko inajaa, na kwa jinsi alivyokuwa anatazama nyuma begani kwake, nilielewa kwamba mgeni alikuwa ameshatosha. Thembo alikuwa anachagua santuri nyingine, akisoma majina kwa sauti ya juu ili dada yake asikie, na dada yake alikuwa anazikataa moja baada ya nyingine.

"Si hiyo. Si hiyo. Wewe hukuwaka na masikio hata wakati ule."

Nilichukua gunia langu. Afande alinifuata hadi kizingitini, akanipigia saluti fupi, na kunionya kwamba vumbi la barabara huharibu santuri. Nilipotoka tu, akafunga mlango nyuma yangu, akasukuma komeo.