Siku Bibi Alipomtuza Dada Ukumbini

Juzi, rafiki yangu, nilirudi kwenye ule ukumbi wa katikati ya Toronto, wenye viti vyekundu na watu wanaokohoa kwa zamu. Dada yangu alikuwa anapiga piano. Nilipokaa tu, pua ikanidanganya kwamba inasikia harufu ya kachori.

Ni kosa la bibi. Nilipokuwa na miaka minane alikaa nasi ghorofani kule mtaa wa Jane na Finch, na kila koti la nyumba ile lilinuka kachori zake. Dada alifanyia mazoezi kwenye kinanda cha umeme juu ya meza ya kupigia pasi. Akikazana, meza inayumba, jirani wa chini anagonga dari kwa fagio, na bibi anamjibu kwa kugonga sakafu kwa mwiko.

Basi dada akachaguliwa kwenye mashindano ya kimataifa ya wapiga piano vijana. Wenzake walishuka kwenye ndege wakiwa na walimu wao. Yeye alishuka kwenye basi akiwa na sisi. Kama angepita raundi ya siku ile, angepiga fainali na okestra nzima. Mlangoni mwa ukumbi ule ule akamshika bibi mkono.

"Bibi, tafadhali, usishangilie mpaka niinuke."

"Mie mtoto mdogo, wanifunza adabu?"

Kipande chake kilikuwa na sehemu tatu, na kati ya sehemu na sehemu watu hawapigi makofi, hungoja mpaka mwisho. Ya pili, ya taratibu, aliipiga mpaka mimi niliyefuata biskuti nikasahau kutafuna. Akamaliza. Kimya.

Sasa bibi ni mtu wa Tanga. Kwao taarabu ikikukolea unainuka, unacheza hadi mbele, unamtuza msanii noti. Ukikaa, umemtukana. Akaangalia huku na huku.

"Hawa wana nini? Mtoto kawatoa machozi, hakuna hata wa kuinuka?"

Kigelegele! Akashuka njia ya katikati kwa madaha, noti ya dola tano kaiinua juu. Mhudumu wa ukumbi akamkimbilia. Bibi akadhani naye anakwenda kutuza, akamsubiri waongozane. Noti akaibandika kwenye paji la uso la dada, ikanata kwa jasho. Dada akaangua kicheko, akaipiga sehemu ya mwisho kama yuko harusini, noti ikipepea.

Fainali hakuingia. Kwenye basi dada analia, mama amenuna. Bibi akageuka toka kwenye theluji ya dirishani, akauliza, "Hao waliopita, kuna hata mmoja aliyetuzwa?" Dada akacheka na kulia kwa pamoja, kamasi mpaka kidevuni.

Bibi tulishamzika. Juzi dada alipomaliza sehemu ya pili, alifuta mikono kwenye gauni, akatupia jicho ile njia ya katikati. Na mimi, mtundu ninayefukuzwa darasani kila wiki, nilikuwa na dola tano mfukoni, zimeloa jasho. Sikuinuka. Ukumbi mzima tukakaa na adabu zetu. Dada akangoja kidogo, halafu akaendelea.