Kofia ya Tangi

Mafundi wa pikipiki wa upande wetu ni wa aina mbili: wasiojua kitu, na wasiojua kitu lakini wana spana. Fundi wangu wa Sosiot ni wa aina ya pili. Ana ovaroli safi, ana redio, na anaamini kwamba kila pikipiki duniani ina kabureta, hata kama walioiunda waliamua vingine.

Yangu haina. Ina pampu ndani ya tangi, ina injekta inayopuliza petroli kwa kipimo, na chini ya kiti kuna kompyuta ndogo inayoviongoza. Niliichagua kwa sababu mimi ni daktari wa mifugo, napanda na kushuka milima ya Sosiot na Kabianga kutwa nzima, na sikutaka chombo cha kubembelezwa kila asubuhi ya baridi. Haikunisumbua hata kidogo, mpaka siku nilipompelekea fundi abadilishe oili tu.

Alibadilisha oili, halafu akaniongezea zawadi ambayo sikumwomba. Alikata tyubu kuukuu ya gurudumu akatengeneza kofia ya mpira ya kubana kifuniko cha tangi.

"Daktari, huku kwetu mvua ni kila siku," alisema. "Ikianza, valisha tangi hii, funga kabisa. Maji isiingie kwa petroli."

Nilimshukuru. Nikikumbuka nilivyomshukuru, hasira hunipanda upya.

Tangu hapo pikipiki ikaanza kuzima. Asubuhi ilikwenda vizuri. Mchana, mvua ikishuka, ilikwenda mwendo fulani, ikaanza kukohoa mlimani, ikaishiwa nguvu, ikazima. Nikingoja kidogo, iliwaka. Nilirudi kwa fundi. Akasema ni plagi, akaweka mpya. Akasema ni maji, akamwaga petroli yangu nzuri kwenye mtaro. Akasema ni injekta, akaisugua kwa mswaki ambao naamini kabisa ulikuwa bado unatumiwa na mtu. Taa ya injini haikuwa imewaka hata mara moja, na hiyo ndiyo taa inayowaka kompyuta ikiona kasoro kwenye injekta au nyaya zake. Nilipomweleza hivyo alinitazama kwa huruma.

"Mama, hiyo taa ni ya urembo. Wacha tutoe hii maneno ya kompyuta yote, tuweke kabureta, upumzike."

Ng'ambo ya Kabianga aliishi kogo mmoja, maana huku bibi mzee huitwa hivyo. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, niliyempandisha mimi mwenyewe kwa sindano ya mbegu miezi kadhaa nyuma. Kogo alisema ng'ombe ana mimba. Mwanawe, mwanamume mzima mwenye ndevu anayekunywa maziwa ya mama yake na kumlipa kwa ushauri, alisema ni tasa na amezeeka, auzwe kwa mchinjaji. Wakakubaliana kwamba nitakuja kumpima kwa mkono. Akiwa na ndama, atabaki. Nisipompata na kitu, mchinjaji atamchukua jioni hiyo hiyo. Kogo aliniambia haya kwa simu ya mwanawe, polepole, kama mtu anayejua anasikilizwa.

Siku hiyo asubuhi nilishikwa na ng'ombe aliyezaa kwa shida Sosiot, kwa hiyo niliondoka mchana. Mvua ikaanza kabla sijafika mbali. Nikalivalisha tangi kofia yake, nikafunga kabisa, kama mjinga mwingine yeyote aliyeagizwa na fundi.

Ilizima mbele ya steji ya bodaboda, karibu na banda la kupimia majani chai. Wanaume waliokuwa wamejikinga mvua wakatoka wote, maana hakuna kinachowafurahisha kama mwanamke aliyekwama. Mmoja alisema ni betri. Mwingine alisema ni klachi, akanifanya nimwonee aibu. Wa tatu alivua ile kofia, akafungua tangi, akachungulia.

"Mafuta iko," akatangaza, akabonyeza stata. Ikawaka. "Nimekutengenezea, madam."

Nilimwomba anibebe yeye mpaka kwa kogo, nisije nikakwama tena.

"Kwa hii mvua? Na yako imeshika?"

Wenzake wakacheka. Nikaifunga kofia, nikaenda zangu. Ikazima tena katikati ya mashamba ya chai, mahali pasipo na nyumba wala mtu. Nilimpigia mwanawe kogo. Simu ilikuwa imezimwa. Nikampigia tena, na tena.

Nikavua kofia ya mpira, nikaweka ufunguo kwenye kifuniko cha tangi, nikafungua. Tangi likavuta pumzi. Lilivuta hewa kwa sauti ndefu, kama mtoto aliyeibuka kutoka majini, nami nikasimama pale nikaelewa. Kwenye kifuniko kuna kitundu cha kuingiza hewa petroli inapopungua. Mpira ulikuwa umekiziba. Pampu ilikuwa ikivuta petroli kutoka tangi lililonyongwa, na kila aliyelifungua kuchungulia alilipatia hewa kidogo akajiita fundi. Mvua haikuwa na kosa lolote. Niliitupa ile kofia ndani ya chai kwa nguvu zangu zote.

Pikipiki ilipanda mlima wote kwenye mvua bila kukohoa, nami nikamtukana fundi njia nzima kwa lugha tatu.

Nilipofika, lori la mchinjaji lilikuwa limeshaondoka na ng'ombe. Matope ya uani yalikuwa yamechimbwa na kwato, za mnyama aliyekataa kwenda. Mwanawe hakuwepo, alikuwa amepanda lori hilo hilo. Alikuwa amemwambia mama yake kwamba daktari ameona hakuna haja ya kuja.

Kogo hakunilaumu. Alinipa kitambaa nijifute maji, akanikalisha jikoni, akaniletea chai ya rangi akaomba radhi kwamba haina maziwa. Kisha akakaa mbele yangu akaniuliza kwa sauti ya chini, kama kwamba ningeweza kujua.

"Alikuwa na mtoto?"

"Hapana, kogo," nilimwambia. "Hakuwa na kitu."

Akaitikia kwa kichwa, akashusha pumzi, akaniongezea sukari. Mkono wangu haukuwa umemgusa yule ng'ombe.