Mama Povu na Sabuni Yenye Homa

Mtaa mzima humwita Mama Povu, na kwa kupika sabuni hana mpinzani. Mkwewe, mke wa kitinda mimba wake, alikuwa ameshaharibu sabuni mara mbili, akaapa kwamba ya tatu ikimshinda ataacha kabisa.

Hiyo ya tatu akaitia asali, kisha akaifunika blanketi kama alivyofundishwa kwa sabuni ya kawaida. Kumbe asali huzidisha joto. Haikupita saa, sabuni ikavimba kama shavu lenye jino bovu na kupasuka juu.

"Basi, mama. Naitupa."

"Utupe nini, wewe? Ina homa tu, haijafa!"

Mama Povu alivuta blanketi, akagusa ubavu wa boksi lililomiminiwa sabuni kwa mgongo wa mkono, kama anayepima mtoto. Katikati sabuni ilikuwa imelainika na kung'aa kama mafuta ya kujipaka. Kandokando bado nyeupe. Mwingine angeipoza yote kwa pupa, akaambulia sabuni yenye doa katikati. Yeye alizungushia taulo pembeni ili huko nako kupate moto, huku akipepea katikati kwa kifuniko cha ndoo, mpaka mng'ao ukafika kila kona. Mkono haukuchoka, wala mdomo: "Pupa yako hiyo, mwanangu, ndiyo iliyokuharibia zile mbili!"

Kesho yake wakakata. Rangi moja, ukingo hadi ukingo. Mkwe aliinusa, akacheka, na kabla hata ya kuosha kisu alikuwa anapima mafuta ya sabuni ya nne.