Maji ya Udhu Juu ya Paka wa Rukia

Nilipokuwa na miaka tisa, pale Malindi, nilikuwa nimeshaijua husuda barabara kabla sijajua kuzidisha kwa saba. Nilimhusudu Rukia, binti wa ami yangu, ambaye nililala naye chumba kimoja nyumbani kwa Bibi. Si kwa viatu vyake, ingawa navyo vilikuwa vizuri. Nilimhusudu kwa paka. Ami alimletea paka mweupe, jicho moja samawati na jingine manjano, akamwita Lulu, akamwambia bintiye mbele yangu, "Huyu ni wako peke yako." Lile "peke yako" sijui lilimfaa nini Rukia. Mimi lilinikaa kooni.

Kwa Bibi, ukisifu kitu cha mwenzio bila kusema Mashallah, umekitia jicho. Akiwa mtoto atashikwa na homa, akiwa mbuzi atakauka maziwa. Mimi nilimsifu Lulu kila siku, kimoyomoyo, wala sikusema Mashallah hata mara moja. Makusudi.

Basi Lulu akaanza kujikuna. Manyoya yakamtoka kwenye ncha za masikio, kisha usoni, ngozi ikafanya magamba ya kijivu kama ukoko uliosahauliwa sufuriani. Rukia akaacha kumshika. Bibi alimwinua kwa kitambaa, akamgeuzageuza, akatangaza, "Hili ni jicho. Na limetoka humu humu ndani."

Dawa yake kwetu ilijulikana: mwenye jicho atawadhe, maji yale amwagiwe aliyetiwa jicho. Lakini mwenye jicho ni nani? Bibi, ambaye angefaa sana kuwa karani wa wilaya, akaweka utaratibu. Kila siku mtu mmoja atawadhe ndani ya bakuli, Lulu amwagiwe, kisha tungoje. Akipona, tumemjua mtu wetu. Majina yakaandikwa nyuma ya kalenda na kila aliyemaliza akatiwa alama. Tofauti na ofisini, hakuna aliyeambiwa arudi Jumatatu.

Siku ya ami ilipita, na ya mama, na ya Bibi mwenyewe, maana sheria haikuwa na mkubwa. Lulu alilowa kila asubuhi na kutuchukia sote kwa usawa. Siku yangu ilipofika niliingia na bakuli chooni, nikafunga mlango, nikakinga maji ya mfereji, nikayapeleka yalivyo. Sikunawa hata kidole. Nilikuwa na hakika maji yangu yangemponya, na kupona kwake kungenitangaza.

Lulu akazidi. Macho yakaanza kuzibika kwa magamba, chakula akakiacha. Nilikuwa nimemnyima dawa, nami nilijua. Ami akasema, "Ikifika Ijumaa hajapata nafuu, nampaka ile dawa ya kupe ya ng'ombe. Ikishindikana, nampeleka ng'ambo ya daraja la Sabaki nikamwache huko."

Alhamisi alikuja bwana mifugo, Karisa, kuchanja kuku wa Bibi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu ntazamie na huyu paka kabla huyu ami yao hajampaka dawa ya ng'ombe."

Karisa aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Msithubutu! Paka hujilamba. Mkimpaka leo, kesho mnachimba shimo."

Hapo nikashindwa kuendelea kuficha. Nikasema kwa sauti, mbele ya watu wote, "Ni mimi. Nimemtia jicho. Na maji niliyoleta yalikuwa ya mfereji."

"Nilijua!" Rukia akapiga kelele. "Hasidi mkubwa we!"

Karisa hakunitazama usoni. Alitazama mkono wangu, niliokuwa nikiukuna. "Hebu mikono, mwanangu." Vipele vyekundu, kuanzia kiwiko hadi kiganjani. "Na tumboni?"

"Na tumboni."

"Na wewe?" akamwuliza Rukia. Rukia ngozi yake ilikuwa safi kama bati jipya. Karisa akacheka. "Mwenye paka hana kitu, hasidi ndiye anayejikuna. Humpakata wapi paka wa mwenzio?"

Ikabidi niseme. Kila alasiri Rukia alipolala, nilimficha Lulu ndani ya leso nikamchukua hadi gofu la nyumba lililo nyuma ya soko la samaki, wanakolala paka wa mtaa. Kule alikuwa wangu. Kule nilimwita Nuru.

"Basi kaupatia huko," Karisa akasema. "Ni upele, wadudu wasioonekana kwa macho. Si choa; choa hufanya kiduara wala hakiwashi hivi. Huu huanzia masikioni, na humhama paka ukamwasha anayempakata."

Akamchoma Lulu sindano, akaahidi ya pili baada ya wiki mbili. Matandiko yachomwe moto, magamba yalainishwe kwa maji ya uvuguvugu, paka atengwe. Mimi vipele vyangu vingepoa vyenyewe. Kisha akatoa fomu. Ilikuwa na ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda na kuku. "Serikali haina paka, Bibi," alisema, akamwandika Lulu kwenye kondoo.

"Lakini nilisema ni jicho," Bibi akamwambia.

"Ni upele, Bibi."

"Na upele umeletwa na nani?" Bibi akaninyooshea kidole. "Na kilichompeleka huko ni nini? Sasa mimi na wewe tunabishana nini?"

Karisa aliinama akaendelea kuandika. Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, na bado sijapata cha kumjibu Bibi kwa niaba ya Karisa. Nilidhani husuda ni kumtakia kitu cha mwenzio kiharibike. Yangu ilimbembeleza Lulu, ikampa jina, na almanusura imuue.

Adhabu yangu ilikuwa kumwuguza, mifuko ya plastiki mikononi, ndani ya banda la kuni. Rukia hakukanyaga. Sijawahi kupewa adhabu tamu kama ile. Baada ya sindano ya pili masikio yakaanza kuota manyoya, nami nilikuwa nikiyatazama kila asubuhi nikiyaombea yachelewe.

"Hajapona bado?" Bibi aliniuliza mlangoni.

"Bado, Bibi."

Alimtazama Lulu, mweupe mapajani mwangu, mzima kama hajapata kuugua. Akanitazama mimi. Kisha akageuka, akamwambia Rukia, aliyekuwa kule ndani akimngoja paka wake, "Ngoja siku mbili, mwanangu. Hajapona."